Jeni Tawala au Protini Ratibu? Historia ya Elimu ya Chanzo cha Msuli, kwa Kuanzia Walikale

Mnamo mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, wilayani Walikale, mtambaji Shekarisi Rureke alimsimulia mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, utendi wa Mwindo. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1969, yakiwa yamehaririwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliiongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa Kampala. Katika utendi huo, mtawala Shemwindo anawakataza wake zake kumzalia mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, na hapiti njia ya kawaida: anatokea katika kidole cha kati cha mamaye. Jina lake la sifa ni Kabutwa-kenda, yaani yule aliyezaliwa tu akaenda. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa nusu ya pili ya jina hilo, na nusu ya kwanza ina mzizi wa kuzaa unaojulikana katika lugha nyingi za Kongo.

Makala hii haikusudii kuuhakiki utendi huo. Wajuzi wake wapo. Inakusudia kulichukua swali moja ambalo jina Kabutwa-kenda linalidokeza, kisha kulifuata katika historia ya sayansi ya karne ya ishirini. Mtoto wa kawaida hazaliwi akitembea, lakini misuli atakayotembelea imekwisha kupangwa tangu mama hajafikisha miezi miwili ya mimba. Ni nani, au ni nini, kinachoziamuru seli za kiinitete kisicho na umbo kamili ziwe msuli, wakati jirani zake zinakuwa mfupa, neva au ngozi? Tutaona kwamba jibu la mwanzo lilikuwa jina la mtawala mmoja, na kwamba ilichukua miaka mingi kuliacha. Jambo hilo lina uzito kwetu sisi tunaoshughulika na Kiswahili kwa sababu istilahi za taaluma hii bado zinaundwa, na istilahi ikikosewa hubeba ndani yake kosa ambalo wenyewe wanasayansi wamekwisha kulitupa.

Yafaa kwanza kueleza msingi, kwa ufupi. Seli karibu zote za mwili mmoja zina DNA ileile. Ile ya ini ina maagizo ya kutengeneza msuli, na ile ya msuli ina maagizo ya kutengeneza ini. Tofauti yao ni kurasa zinazosomwa. Jeni inaposomwa, nakala yake hufanywa kwa namna ya RNA. Kisha nakala hiyo hugeuzwa kuwa protini. Hatua ya kwanza tunaweza kuiita unukuzi na ya pili tafsiri, na hapa lugha yetu ina bahati, kwa maana maneno yote mawili ni ya waandishi na wanazuoni tangu zamani. Sasa, ziko protini ambazo kazi yake ni kukaa juu ya DNA, karibu na jeni fulani, na kusababisha unukuzi wa jeni hiyo uanze, uongezeke au uzuiwe. Jina la Kiswahili la protini hizo ndilo tutakalolijadili hapo mbele. Kwa sasa tuziite protini za unukuzi.

Historia tunayoifuata ina mwanzo wake katika bara letu, jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Afrika Kusini, Constantinides, Jones na Gevers, waliripoti tukio la ajabu. Walizitia seli za panya zilizokuwa zikioteshwa maabarani dawa iitwayo azasitidini. Seli hizo hazikuwa za msuli. Zilikuwa za jamii ya tishu unganishi, na zilikuwa zimekaa hivyo kizazi baada ya kizazi. Baada ya siku kadhaa baadhi yake ziliungana zikawa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo zilijikunja na kujinyoosha kama msuli ufanyavyo. Peter Jones alihamia Marekani, na huko yeye na Shirley Taylor walionyesha mwaka 1980 kwamba dawa ile huondoa alama za kikemia ambazo hufunga jeni zisisomwe. Kwa maneno mengine, seli ile ilikuwa na kitabu cha msuli muda wote, lakini kilikuwa kimefungwa.

Hapo ndipo swali la mtawala lilipojitokeza. Ikiwa dawa inaweza kuligeuza kabila zima la seli kuwa msuli, na ikiwa jambo hilo hutokea mara kwa mara kuliko inavyotazamiwa, basi yamkini dawa inazifungua jeni chache mno, labda moja tu. Andrew Lassar, Robert Davis na Harold Weintraub, wakifanya kazi Seattle, waliitafuta. Walizilinganisha nakala za RNA zilizomo katika seli za msuli na zile zilizomo katika seli za tishu unganishi, wakaziondoa zilizo sawa, wakabaki na chache zilizo za msuli peke yake. Mwaka 1987 walitangaza kwamba mojawapo ya hizo, waliyoiita MyoD, ilitosha kwa yenyewe kuzigeuza seli za tishu unganishi ziwe msuli. Baada ya muda mfupi ilionekana kwamba inaweza kuzigeuza hata seli za rangi ya ngozi na za mafuta.

Ni vigumu leo kueleza jinsi habari hiyo ilivyopokewa. Wanabiolojia walikuwa wamezoea kwamba mambo ya kiinitete ni mtandao usio na mwisho, na ghafla palikuwa na protini moja iliyoingia katika seli ngeni na kuibadilisha kabila. Wakaanza kuiita jeni bwana, jeni mkuu, mdhibiti mkuu. Katika miaka miwili au mitatu iliyofuata ziligunduliwa jamaa zake tatu: Myf5, mayojenini, na MRF4. Kila moja, ikiingizwa peke yake katika seli zile, ilifanya kazi ileile. Hapo mtu mwenye kufikiri angeanza kuona shaka, kwa maana watawala wanne wa nchi moja si utawala tunaoufahamu.

Shaka kubwa zaidi ilitoka kwa chura, na chura huyo ni wetu. Ni yule wa majini mwenye ngozi laini, asiye na ulimi, mwenye kucha nyeusi katika vidole vitatu vya nyuma, ambaye wataalamu humwita Xenopus. Lancelot Hogben, alipokuwa akifundisha Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1920, alimtumia katika uchunguzi wa homoni. Katika miaka ya 1930 ilijulikana kwamba jike la chura huyo akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai kabla ya siku kwisha. Kwa ajili ya kipimo hicho cha mimba alisafirishwa kwa maelfu hadi hospitali za Ulaya na Marekani, na hospitali zilipopata njia nyingine, wanaembriolojia waliwarithi. Mayai yake ni makubwa, hupatikana wakati wowote wa mwaka, na kiinitete hukua nje ya mama, mbele ya macho ya mtazamaji.

Jamaa za chura huyo wako Kivu pia. Katika milima ya volkano ya Virunga, ambayo Masisi iko upande wake wa magharibi, na katika nyanda za juu za Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda, yupo Xenopus vestitus, aliyetajwa mara ya kwanza na Raymond Laurent mwaka 1972. Jirani yake, Xenopus wittei, alitajwa mwaka 1979 na kundi ambalo ndani yake alikuwamo Michail Fischberg wa Geneva. Jambo la kustaajabisha kuhusu vyura hawa wawili ni hesabu ya kromosomu zao. Xenopus tropicalis wa Afrika Magharibi ana kromosomu 20. Yule wa Afrika Kusini ana 36, kwa kuwa spishi mbili za kale ziliungana katika nasaba yake. Hawa wa milima yetu wana 72 kila mmoja, na katika bonde la Semliki, upande wa Uganda wa Ruwenzori, yuko mwingine mwenye 108. Eneo la Maziwa Makuu limekuwa mahali ambapo vyura hawa waliziunganisha nasaba zao tena na tena, na kila muungano ulileta nakala za ziada za jeni, zile za msuli zikiwamo.

Fischberg huyo, kabla ya kuhamia Geneva, alikuwa Oxford, na mwanafunzi wake huko alikuwa John Gurdon, aliyepata umaarufu kwa kuhamisha kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi hadi katika yai na kukuza chura kutokana nacho. Kwa kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1962, alipewa Tuzo ya Nobel miaka 50 baadaye, pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani. Lakini kwa makala hii mchango wake mwingine una maana kubwa zaidi. Mwaka 1988 Gurdon alionyesha kwamba seli changa zilizokusudiwa kuwa msuli, zikitengwa moja moja kati ya seli ngeni, hazifiki. Zikiwekwa pamoja kundi zima, zinafika. Aliliita jambo hilo athari ya jamii. Kisha mwaka 1990, yeye na Nick Hopwood waliiweka MyoD katika sehemu ya kiinitete cha chura ambayo kwa kawaida huwa ngozi. Kama MyoD ingekuwa mtawala kweli, sehemu hiyo ingegeuka msuli. Haikugeuka. Baadhi ya jeni za msuli zilianza kunukuliwa, lakini msuli wenyewe haukujengeka.

Kwa maoni yangu jaribio hilo la 1990 ndilo lililopaswa kuwafanya watu waliache neno bwana, na linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Maabara ya seli zilizooteshwa katika chombo yalikuwa yamewadanganya wataalamu kidogo. Seli zile za panya zilikuwa zimekwisha kuwa na wasaidizi wote ndani yake, zikingoja mmoja tu aliyekosekana. Atakayekuja mwisho huonekana kana kwamba ndiye aliyefanya kazi yote. Katika kiinitete chenyewe wasaidizi hao hawako kila mahali.

Wasaidizi hao walianza kupewa majina. Mwaka 1989 Cornelis Murre na wenzake walionyesha kwamba protini za aina ya MyoD hufanya kazi wawili wawili, na kwamba mwenzake MyoD ni protini ya jamii nyingine, E12 au E47, ambayo imo karibu katika kila tishu ya mwili. Zikishikana, jozi hiyo hukaa juu ya DNA mahali penye mfuatano maalumu wa herufi 6. Mwaka uliofuata ilipatikana protini iitwayo Id, ambayo humshika yule mwenza na kumzuia asifike kwa MyoD. Palipo na Id nyingi, MyoD ipo lakini haina mshirika, na msuli haufanyiki. Ilionekana pia kwamba jozi moja juu ya DNA haitoshi: jeni nyingi za msuli hutaka mahali pawili pakaliwe kwa pamoja ndipo unukuzi uanze. Kisha ikaja MEF2, protini ambayo peke yake haiwezi kuigeuza seli kuwa msuli, lakini ikishirikiana na jozi ya MyoD huongeza nguvu yake mara nyingi. Maabara ya Eric Olson huko Texas yalilithibitisha hilo mwaka 1995. Mwaka huohuo iliripotiwa kwamba inzi wa matunda wasio na jeni ya MEF2 hawakamilishi misuli yao, ingawa seli zake zipo.

Tukio lililokata shauri lilikuwa la panya. Mwaka 1992 Michael Rudnicki na wenzake katika maabara ya Rudolf Jaenisch walizaa panya wasio na jeni ya MyoD kabisa. Kila mtu alitazamia panya wasio na misuli. Walizaliwa wazima, wakatembea. Katika mwaka huo walipatikana pia panya wasio na Myf5. Hao nao walikuwa na misuli, ila walikufa mara baada ya kuzaliwa kwa sababu mbavu zao hazikuumbika na hawakuweza kuvuta pumzi. Mwaka 1993 panya waliokosa zote mbili walizaliwa bila misuli ya mifupa, wala seli zitakazofanya misuli hazikuonekana. Wale waliokosa mayojenini, ambao makundi mawili yaliripoti mwaka huo, walikuwa na seli za msuli lakini hazikuungana kuwa nyuzi. Hivyo kazi zikagawanyika: MyoD na Myf5 huamua, na moja humshikia mwenzake nafasi, mayojenini hukamilisha. Hata mgawanyo huo haukudumu bila marekebisho. Mwaka 2004, kundi la Taasisi ya Pasteur mjini Paris lilionyesha kwamba MRF4, iliyodhaniwa kuwa ya mwishoni tu, nayo ina uwezo wa kuamua mwanzoni, na kwamba baadhi ya panya wa awali walikuwa wamepoteza MRF4 pamoja na Myf5 bila watafiti kukusudia, kwa kuwa jeni hizo mbili zinakaa jirani.

Mwaka 1993 una kumbukumbu nyingine huku kwetu. Mwezi Machi wa mwaka huo mapigano yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, watu wakafa kwa maelfu na wengine wengi zaidi wakahama makwao. Shule zilifungwa. Baada ya hapo vita vimerudi katika wilaya hizo mbili mara nyingi mno kuweza kuhesabiwa hapa. Mwanafunzi aliyekuwa sekondari Masisi katika miezi ile, badala ya kujifunza kwamba swali la msuli limepata jibu jipya, alikuwa njiani na mzigo kichwani. Ninalitaja kwa sababu wanaojadili istilahi mara nyingi husema kana kwamba maarifa huchelewa kufika kwa kukosa maneno tu.

Hata hivyo maneno nayo yana sehemu yake. Katika shule za Kivu, Kiswahili hutumika katika madarasa ya mwanzo, kisha Kifaransa huchukua nafasi. Biolojia ya seli, kwa yule anayefika huko, huja kwa Kifaransa. Mateene aliandika kwa miaka mingi kupinga hali ya mtoto wa Kiafrika kufundishwa kwa lugha asiyoimiliki. Huku Tanzania, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi kubwa kwa wakati wake, lakini elimu tunayoizungumzia ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Hivyo mwenye kuandika juu yake kwa Kiswahili bado anajitafutia.

Njia rahisi ni kufuata vitabu vya zamani na kusema jeni tawala au protini tawala. Ninapendekeza tusifanye hivyo. Hoja yangu haihusu ladha ya lugha. Neno tawala linamwambia msomaji kwamba kuna mmoja mwenye amri na wengine watekelezaji, na historia tuliyoipitia inasema kinyume. Utafiti wa baadaye umezidi kulidhoofisha. Mwaka 2004 maabara ya Stephen Tapscott huko Seattle yalionyesha kwamba katika jeni ya mayojenini kuna protini nyingine, Pbx, iliyokwisha kukaa pale kabla MyoD haijafika, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni mlango. Mwaka 2010 ilibainika kwamba MyoD hukaa mahali makumi ya maelfu juu ya DNA ya seli ya msuli, na pengi kati ya hapo jeni iliyo jirani haibadiliki. Kukaa si kutawala. Neno ninalolitoa ni ratibu: protini ratibu za unukuzi, au kwa ufupi protini ratibu. Kuratibu ni kupatanisha kazi za wengi, na hakuna aratibuye akiwa peke yake. Wapo watakaopenda viratibu; sina ugomvi nalo, ila neno protini linamkumbusha mwanafunzi kwamba tunazungumza juu ya kitu chenye umbo na uzito.

Suala hili halikomei darasani. Kuna saratani ya misuli inayowapata hasa watoto, iitwayo rabdomiosakoma. Daktari wa tishu huitambua kwa kutafuta MyoD na mayojenini katika kipande cha uvimbe, kwa kuwa tishu nyingine nyingi hazinazo. Hapa ndipo dhana ya mtawala inapomwacha mtu gizani. Ikiwa MyoD ndiyo bwana wa msuli, na imo tele katika uvimbe, kwa nini seli hizo hazigeuki msuli zikaacha kugawanyika? Tapscott, Mathew Thayer na Weintraub walilijibu swali hilo mwaka 1993: katika seli za saratani hiyo MyoD ipo, ila unakosekana ushirika inaouhitaji ili ifanye kazi yake. Walipoziunganisha seli za uvimbe na seli za kawaida, uwezo wa kuwa msuli ulirudi. Weintraub alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 49, kwa uvimbe wa ubongo.

Mama wa Masisi aliyempeleka mtoto wake hospitali Goma kwa uvimbe wa namna hiyo ataelezwa hali yake kwa Kiswahili, hata kama karatasi ya majibu imeandikwa kwa Kifaransa. Muuguzi mwenye neno tawala mkononi hatakuwa na la kumweleza. Mwenye neno ratibu anaweza kumwambia: mama, seli hizi zilianza safari ya kuwa msuli, lakini zimekosa wenzao wa kuzifikisha, ndiyo maana zinaongezeka tu bila kukomaa, dawa tutakayompa inakusudia kuzizuia zisiendelee kuongezeka.